SGP au ChristenUnie? Vyama viwili vya Biblia nchini Uholanzi, kwa Mswahili mwenye kura

Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, ile karatasi pana ya majina ya wagombea ilifika majumbani, na mama mmoja mzaliwa wa Bukavu akaja nayo kanisani ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya Biblia. Tulikuwa tunakunywa chai baada ya ibada. Akasukuma vikombe pembeni, akaikunjua mezani, akaniuliza: "Mwanangu, hawa wanasema Biblia, na hawa pia wanasema Biblia. Sasa miye nichore wapi?"

Nikamjibu, "Mama, hawa hawana haraka ya kutawala. Hawa walitawala, wakaumia."

"Hicho ni kitendawili, si jibu," akasema, na hakukosea.

Basi jibu refu ni hili. Nimelenga Mswahili anayeishi Uholanzi, awe Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Mkenya au Mtanzania, anayetaka imani yake ihesabike kwenye kura. Mwenye uraia anapiga kura ya Bunge. Asiye na uraia, lakini ameishi nchini kihalali miaka 5 mfululizo, anapiga kura ya baraza la manispaa, inayofanyika kila baada ya miaka 4 mwezi wa Machi. Wengi wetu hata hatujui kwamba haki hiyo tunayo, na kadi ya kura ikija tunadhani ni tangazo la duka.

Ukoo mmoja, nyumba mbili

SGP, kwa kirefu Staatkundig Gereformeerde Partij, ni chama cha Wareformati, wale Waprotestanti wanaoshika mafundisho ya Calvin kwa ukali wake wa zamani. Kilianzishwa Middelburg, mkoani Zeeland, tarehe 24 Aprili 1918. Mwanzilishi wake ni mchungaji Gerrit Hendrik Kersten, mtu aliyeona kwamba wanasiasa Wakristo wa siku zake walikuwa wameuza urithi kwa kushirikiana na Wakatoliki. Ugomvi ulikuwa juu ya ibara ya 36 ya Ungamo la Imani la Ubelgiji, andiko la mwaka 1561 linalosema ni kazi ya serikali kuondoa ibada za sanamu na dini za uongo. Mwaka 1905 kanisa moja kubwa la Wareformati lilikifuta kipande hicho kwa kuona hakifai tena. Kersten na wenzake wakakishika kama kilivyo, na chama chao kinakishika mpaka leo. Kwa hiyo ukisikia Waholanzi wakisema SGP wanataka nchi iongozwe na sheria ya Mungu, hawakisingizii. Wenyewe hawakani, ingawa wanaongeza kwamba watafika huko kwa kura na hoja, si kwa nguvu.

ChristenUnie ni mtoto wa juzi. Alizaliwa mwaka 2000 kwa muungano wa vyama viwili vidogo, GPV cha mwaka 1948 na RPF cha mwaka 1975, vyote vya Wakalvini. Lakini mlango wakaupanua. Leo humo ndani utawakuta Wareformati, Wabaptisti, Wapentekoste, hata Wakatoliki wachache. Hawadai nchi iwe ya Kikristo, wanadai Mkristo aweze kuishi imani yake na maskini asisahauliwe. Ndiyo maana kwenye uchumi, mazingira na misaada ya nje mara nyingi utawaona wanaegemea kushoto, halafu kwenye mimba na kifo wanarudi kulia. Mtu aliyezoea siasa za kwetu, ambako mwanasiasa anapiga magoti kanisani Jumapili na Jumatatu anaendelea kama kawaida, anaweza kushangaa kuona chama kinachosoma ilani yake mstari kwa mstari na kugombana juu ya neno moja.

Kwa Wakenya wa Bonde la Ufa ukoo huu si mgeni sana. Kanisa la Reformed Church of East Africa, lenye makao yake Eldoret, lilipokea wamisionari wa Kireformati kutoka Uholanzi, na makanisa yaliyowatuma yanapatikana kwenye vijiji hivihivi vinavyovipigia kura vyama hivi viwili.

Hesabu ya viti

Kwanza uelewe mfumo, maana bila hapo huwezi kujua kwa nini vyama vidogo namna hii bado vipo. Bunge la Uholanzi lina viti 150 na nchi nzima ni jimbo moja. Hakuna kizuizi cha asilimia 5 kama Ujerumani. Unagawa kura zote halali kwa 150, na kila chama kinachofikisha hesabu hiyo kinapata kiti. Siku hizi kiti kimoja ni karibu kura 70,000. Kura ya mama wa Rotterdam na ya mvuvi wa Urk zinaingia kapu moja.

Hivi ndivyo vyama hivi viwili vilivyovuna, pamoja na CDA, yule kaka mkubwa wa vyama vya Kikristo, nimemweka kwa ajili ya kulinganisha tu:

| Uchaguzi | SGP | ChristenUnie | CDA |
|---|---|---|---|
| 2002 | 2 | 4 | 43 |
| 2003 | 2 | 3 | 44 |
| 2006 | 2 | 6 | 41 |
| 2010 | 2 | 5 | 21 |
| 2012 | 3 | 5 | 13 |
| 2017 | 3 | 5 | 19 |
| 2021 | 3 | 5 | 15 |
| 2023 | 3 | 3 | 5 |
| 2025 | 3 | 3 | 18 |

Itazame safu ya SGP. Huo si mchezo wa miaka 20 tu. Chama kiliingia bungeni mwaka 1922 kwa kiti kimoja, cha Kersten mwenyewe, na tangu 1925 hakijawahi kushuka chini ya viti 2 wala kupanda juu ya 3. Karne nzima! Vita ya pili ya dunia imepita, makanisa yamefungwa na kugeuzwa vyumba vya kupanga, CDA imetoka viti 54 mwaka 1989 hadi 5 mwaka 2023, na SGP wako palepale. Ukienda kwenye kura zenyewe unashangaa zaidi: chaguzi za 2017, 2021 na 2023 zote walipata kati ya kura 215,000 na 220,000. Sijui chama kingine Ulaya ambacho mhasibu wake analala usingizi mzuri kiasi hicho.

Siri yao si kampeni. Kura zao zinazaliwa, haziombwi. Kutoka visiwa vya Zeeland kusini-magharibi mpaka Staphorst na Rijssen kaskazini-mashariki, ukipita Barneveld na ukigusa Urk, kuna mkanda wa vijiji na miji midogo ambao Waholanzi wanauita Ukanda wa Biblia. Mtoto anazaliwa kwenye familia ya watoto sita au saba, anasoma shule ya Kireformati, nyumbani kuna gazeti la Reformatorisch Dagblad, Jumapili wanakwenda ibada mara mbili, na akifika miaka 18 anajua pa kuchora kama anavyoijua Baba Yetu. Jumapili tovuti ya chama nayo inapumzika, ukiifungua unaambiwa urudi kesho. Wengine wanacheka. Mimi naona hapo ndipo penye nguvu yao: mpiga kura wao hana shaka hata siku moja kwamba wanaamini wanachosema.

Sababu ya pili ni kwamba hawajawahi kuingia serikalini. Wao wanajiita chama cha ushuhuda: wapo bungeni kusema neno la Mungu juu ya kila muswada, kura zikitosha au zisitoshe. Sufuria isiyotelekwa haiungui. Hakuna anayeweza kuwauliza, "Mlipokuwa madarakani mlifanya nini?"

Wasiotawala, lakini, si sawa na wasio na nguvu. Mwaka 1925, wakiwa na viti 2 tu, Kersten alileta pendekezo la kufuta fedha za ubalozi wa Uholanzi kwa Papa. Alikuwa akilileta kila mwaka na kila mwaka linaanguka. Safari hiyo Waprotestanti wa chama kimoja cha serikali wakaliunga mkono, upinzani nao ukaliunga kwa sababu zake, likapita. Mawaziri Wakatoliki wakajiuzulu na serikali ya Colijn ikaanguka. Waholanzi bado wanauita Usiku wa Kersten. Mwaka 2011 tena, serikali ya kwanza ya Mark Rutte na wanaoiunga mkono walikuwa na viti 37 kati ya 75 vya Seneti. Walipungukiwa kimoja, na kimoja hicho alikuwa nacho seneta wa SGP. Ghafla kila mtu The Hague, makao ya serikali na Bunge, alijua namba ya simu ya mzee yule.

Sasa rudi kwenye safu ya ChristenUnie. Hawa walichagua njia nyingine: mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mwaka 2006 chini ya André Rouvoet waliruka kutoka viti 3 hadi 6, wakaingia serikali ya mseto na CDA na chama cha Labour cha huko, PvdA. Wakarudi serikalini mwaka 2017 na tena mwaka 2022, mara zote mbili pamoja na CDA na vyama viwili vya kiliberali, VVD cha Rutte na D66. Ukiwa na viti 5 ndani ya serikali ya Rutte unapata wizara, unapata naibu waziri mkuu, unapata saini yako kwenye makubaliano. Na bili unaletewa wewe pia.

Carola Schouten alipewa kilimo mwaka 2017. Mei 2019 mahakama ikabatilisha mpango wa serikali wa kuruhusu utoaji wa naitrojeni, ambayo sehemu kubwa inatoka kwenye samadi ya mifugo, miradi ikasimama, na kuanzia Oktoba wakulima wakaingia barabarani na matrekta. Wengi wa wakulima hao ni watu wa kanisa. Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu kwa kashfa ya posho za watoto, ile iliyowaponda kwa tuhuma za uongo za udanganyifu wazazi wengi wenye uraia wa nchi mbili, na baadhi ya wasomaji wangu wanaijua kwa machozi. Halafu Aprili 2023 serikali waliyomo ikatangaza utaratibu wa kuruhusu madaktari kukatisha uhai wa watoto wa mwaka 1 hadi 12 walio kwenye mateso yasiyo na tiba. Waziri aliyetangaza alikuwa wa D66, ndiyo, lakini meza ya baraza la mawaziri ni moja.

Novemba mwaka huohuo wapiga kura wakasema. Kutoka zaidi ya kura 350,000 za mwaka 2021, ChristenUnie ikabaki na kama 212,000. Viti 5 vikawa 3. Sehemu kubwa ya Wakristo waliokuwa wakiyumba walivutwa na chama kipya cha Pieter Omtzigt, NSC, kilichopata viti 20 mara moja. Miaka miwili baadaye NSC hakikupata hata kimoja, lakini kondoo waliotoka hawakurudi kwa ChristenUnie. Walikwenda CDA, iliyofufuka kutoka 5 hadi 18. Mwaka 2025, SGP chini ya Chris Stoffer walipata kura nyingi kidogo kuliko ChristenUnie ya Mirjam Bikker, ingawa viti vyao ni sawasawa. Mwaka uliotangulia, kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya, pengo lilikuwa baya zaidi. Vyama hivi vilikuwa vimezoea kugombea Ulaya kwa orodha moja; mwaka 2024 kila kimoja kikaenda kivyake, SGP wakapata kiti, ChristenUnie wakarudi mikono mitupu.

Familia inayosubiri

Hapa ndipo kwa wengi wetu mambo yanapoamuliwa, kwa hiyo sitakwenda mbio.

Tarehe 7 Julai 2023 serikali ya nne ya Rutte ilianguka. VVD walitaka idadi ya ndugu wa wakimbizi wa vita wanaoruhusiwa kuja kuungana na wenzao iwekewe kikomo, na wasubirishwe muda mrefu. ChristenUnie wakasema mtoto hawezi kuzuiwa asimfikie baba yake, na hapo hawakurudi nyuma. Wangeweza kunyamaza wakabaki na wizara zao. Hawakunyamaza. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema vyama vyote ni vilevile, mkumbushe tarehe hiyo.

Si mara ya kwanza. Serikali ile ya 2007, ya CDA, PvdA na ChristenUnie, ndiyo iliyotoa msamaha wa jumla kwa waomba hifadhi wa zamani, walioomba kabla ya tarehe 1 Aprili 2001 na wakakaa miaka bila karatasi. Zaidi ya watu 25,000 walipata makazi. Ukiwauliza wazee wa jumuiya za Wakongo na Warundi hapa, utawapata wanaoukumbuka mwaka huo kama wengine wanavyokumbuka mwaka wa uhuru.

Na kuna kisa cha kanisa la Bethel, The Hague. Sheria ya Uholanzi hairuhusu polisi kuingia na kukatiza ibada. Oktoba 2018 waumini wakaanza ibada kwa ajili ya familia moja ya Kiarmenia iliyotakiwa kurudishwa kwao, na hawakuimaliza. Wachungaji walipokezana usiku na mchana, mamia yao, kwa siku 96. Walifunga mwishoni mwa Januari 2019, baada ya vyama vya serikali kukubaliana kwamba kesi za watoto waliokulia nchini ziangaliwe upya. Ndani ya serikali, ChristenUnie na D66 ndio waliokuwa wakisukuma upande huo.

SGP hawako huko. Msimamo wao ni kwamba wakimbizi wahifadhiwe jirani na nchi zao, wanaoingia Uholanzi wawe wachache, na masharti yakazwe. Wanawatetea kwa dhati Wakristo wanaoteswa, pamoja na mtu aliyebadili dini ambaye akirudishwa kwao atauawa, na bungeni wamewasimamia watu wa aina hiyo mara nyingi. Ila kama unamngojea mkeo aliyeko kambi ya Nyarugusu au Kakuma, sera yao haikurahisishii safari. Niongeze kwamba ugomvi wa 2023 ulihusu wakimbizi. Dada aliyeolewa na Mholanzi na anasubiri viza ya ndoa yuko kwenye utaratibu mwingine.

Nafasi ya mwanamke

Mama wa Bukavu aliniuliza pia hili, maana kwenye orodha ya SGP aliona majina ya wanaume wengi mno.

Kwa miongo mingi SGP waliamini kwamba kutawala ni kazi aliyopewa mwanamume. Walipinga wanawake kupewa kura, iliyokuja mwaka 1919. Mwanamke aliweza kukipigia chama kura lakini hakuruhusiwa uanachama kamili mpaka mwaka 2006, na hata hapo hakuweza kugombea. Mashirika ya haki za wanawake yakakwenda mahakamani. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ikasema serikali haiwezi kulifumbia macho jambo hilo. SGP wakakimbilia Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, na mwaka 2012 ombi lao likakataliwa hata kusikilizwa. Mwaka 2013 wakabadili kanuni, shingo upande, na mwaka 2014 Lilian Janse akachaguliwa diwani wa Vlissingen, mwanamke wa kwanza kwa jina la SGP. Bungeni bado hajaingia hata mmoja.

ChristenUnie inaongozwa na mwanamke tangu Januari 2023, na Schouten kabla yake alikuwa naibu waziri mkuu. Hapo ulinganisho umekwisha, hauhitaji maneno zaidi.

Wanapokubaliana

Kutoa mimba, kifo cha kusaidiwa na daktari, ukahaba, kamari: wote wanapinga. SGP wanataka utoaji mimba upigwe marufuku, ChristenUnie wanazungumza zaidi juu ya kumsaidia mama asifike huko. Muswada wa kufuta siku 5 za lazima za kutafakari kabla ya kutoa mimba ulipopita mwaka 2022, wote walipiga kura ya hapana wakashindwa. Wote wawili ni marafiki wa Israeli, SGP bila kupepesa macho, ChristenUnie kwa maswali zaidi. Na wote wanajua kuuza kura zao wakati serikali iko dhaifu: mwaka 2013 waliingia makubaliano ya bajeti na serikali ya pili ya Rutte, na Desemba 2024 waliungana na CDA na JA21, chama kidogo cha mrengo wa kulia, kupunguza makali ya makato ya elimu.

Jambo jingine wanalolilinda kama mboni ya jicho ni ibara ya 23 ya katiba, inayolazimisha serikali kugharamia shule za dini sawa na za umma. Utaratibu huo ni wa mwaka 1917.

Kama wewe ni Mwislamu

Najua wasomaji kutoka Mombasa, Zanzibar na Tanga watauliza, sisi je? Ibara ya 23 ndiyo inayolipia pia shule za Kiislamu, za kwanza zikiwa zilifunguliwa mwaka 1988. Kwa hiyo kila SGP wanapoitetea shule yao ya Staphorst, bila kupenda wanaitetea na madrasa yenye bustani ya michezo kule Rotterdam. Lakini urafiki unaishia hapo. Adhana kwenye vipaza sauti hawaitaki, na ibara ya 36 ya ungamo lao haijaacha nafasi ya kuijadili dini yako kwa upole. ChristenUnie watakutetea uhuru wa kuabudu, japo chama chenyewe ni cha Wakristo na hakijifichi.

Chama cha Kiislamu waziwazi kilijaribiwa. NIDA kilipata viti 2 kwenye baraza la Rotterdam mwaka 2014, vikabaki 2 mwaka 2018, na mwaka 2022 vikaisha vyote. Waislamu wengi sasa wanapigia DENK, ambacho kina viti 3 bungeni na hakijiiti chama cha dini.

Mtaani kwako ni habari nyingine

Kwenye manispaa mambo yanageuka. Miji mingi vyama hivi viwili vinagombea kwa orodha moja, ChristenUnie/SGP, kwa sababu kila kimoja peke yake hakifikishi kiti. Hapo huchagui chama, unachagua mtu, kwa hiyo soma majina na umfahamu anayeishi mtaa wako.

Amsterdam ni mfano mzuri. Mji ule haukuwahi kuwa shamba la ChristenUnie, mpaka mwaka 2018 Don Ceder, mwanasheria mwenye asili ya Ghana na Suriname, alipoingia barazani. Kura zake nyingi hazikutoka kwa Wakalvini wenye kofia nyeusi. Zilitoka kwenye makanisa ya Waafrika na Wasuriname wa Zuidoost, upande wa kusini-mashariki wa mji, yale yanayokodi ukumbi chini ya maegesho ya magari. Mwaka 2021 alihamia bungeni. Wachungaji wetu wanaosema kura ya mgeni haina kazi wanapaswa kumwalika chai.

Basi, wapi?

Nikikaa na mtu ana kwa ana namuuliza maswali machache. Una ndugu wanaosubiri kuungana nawe kama wakimbizi? Basi ChristenUnie, na sioni ubishi mkubwa. Unataka mbunge ambaye ukimwamsha usiku wa manane atakuambia kilekile alichokuambia mwaka 1990, na huna haja awe waziri? SGP, na hutasalitiwa. Wewe ni mama unayetaka binti yako aone kwamba uongozi ni wake pia? SGP itakukera kila wiki. Umechoshwa na watu wanaokaa serikalini halafu wanaeleza kwa nini haikuwezekana? Hapo utaelewa kwa nini wengi waliitoroka ChristenUnie, na mimi siwalaumu, ingawa nadhani walisahau Julai 2023 upesi mno.

Na kama hoja yako ni kura isipotee bure, usiogope. Kwa mfumo huu chama kidogo si kura iliyotupwa. Viti 3 ni viti 3, na Bunge la vyama 15 kama lililochaguliwa mwaka 2025 linahesabu kila mkono.

CDA nimeiacha makusudi. Ni chama kikubwa, chenye heshima, na Ukristo wake siku hizi ni kama chumvi kwenye wali: upo, lakini lazima uonje.

Siku yenyewe, nenda na kadi ya kura na kitambulisho. Penseli ni nyekundu. Unajaza kiduara kimoja tu, mbele ya jina la mtu mmoja, si jina la chama. Si lazima awe namba 1: mgombea wa chini akipata robo ya hesabu ya kiti, karibu kura 17,500 kwa Bunge, anawaruka waliomtangulia kwenye mgao wa viti vya chama chake. Ukiwa kazini zamu ya usiku au mgonjwa, unaweza kumpa mwenzako akupigie: unajaza nyuma ya kadi yako, mnasaini wote wawili, na unampa nakala ya kitambulisho chako. Yeye lazima apige kura zenu pamoja na yake kwa wakati mmoja, na haruhusiwi kubeba za zaidi ya watu wawili. Kwa hiyo yule kaka anayezunguka jumuiya akikusanya kadi za kina mama kumi, mwambie akuachie yako.